Taa za Kuzama Kwenye Dari za Plasta za Nyumba Kongwe: Kupiga Bei na Kuifanya Kazi Yenyewe

Taa bapa ya LED ya kuzama darini, ile ambayo mafundi wa kwetu Afrika Mashariki wangeiita spotlaiti, inauzwa dola 10 hadi 25 katika maduka ya vifaa vya ujenzi Marekani. Kisha unamwita fundi umeme aje aone sebule, naye anakuandikia dola 300 kwa kila taa. Unabaki kujiuliza kama amesikia lafudhi yako akakupandishia. Mara nyingi hajakupandishia. Katika nyumba iliyojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, taa ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Pesa inaliwa na vitu viwili: dari ya plasta isiyotaka kutikiswa, na njia ya waya ambayo hakuna aliyeiona tangu nyumba ijengwe. Ukijua kuvipima hivyo viwili utajua bei kabla fundi hajafungua mdomo, na utajua pia kama kazi unaiweza mwenyewe.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu nyumba hizi ndizo wengi wetu wahamiaji tunazoanza nazo. Buffalo, Erie, Louisville, Worcester, Lowell, Portland ya Maine: miji ambayo Wakongo, Warundi na Wakenya wamepiga kambi imejaa nyumba za mbao za kati ya miaka ya 1890 na 1930. Ni nyumba imara, dari ziko juu, vyumba vina giza, na katikati ya kila dari kuna taa moja tu.

Kwanza ijue dari yako

Fundi aliyejifunzia kazi Dar au Nairobi amezoea bodi za jipsamu: unachora duara, unakata kwa kisu, unachomeka taa. Dari ya plasta ya Marekani haiko hivyo. Ndani yake kuna papi za mbao zenye unene wa robo inchi na upana wa inchi moja na nusu hivi, zilizopigiliwa chini ya boriti huku zikiachiana upenyo mdogo. Plasta ya chokaa na mchanga, mara nyingi iliyochanganywa na nywele za wanyama, ilisukumwa kwenye penyo hizo ikatokeza upande wa juu, ikajikunja na kuganda. Vinundu hivyo ndivyo vishikizo vya dari nzima. Juu ya tabaka la kwanza likaja la pili, kisha la tatu laini la kumalizia. Papi na plasta pamoja hufikia karibu inchi moja.

Ukitumia mashine inayotingisha papi, vishikizo vinakatika kwa ndani bila wewe kuona chochote. Plasta inabaki imening'inia kwa mazoea. Inaweza kukaa mwaka, kisha siku moja kipande cha ukubwa wa meza kikashuka. Ndiyo maana fundi mwenye uzoefu anakwenda polepole, na upole huo ndio unaoulipia.

Kuna dari za aina ya pili, za miaka ya 1930 hadi 1950. Hizi badala ya papi zina vibao vya jipsamu vya inchi 16 kwa 48, na plasta imepakwa juu yake. Hazitikisiki ovyo, lakini ni ngumu sana, na sehemu za kona zina wavu wa chuma unaomaliza meno ya msumeno. Kujua unayo ipi, zima umeme, teremsha kifuniko cha taa ya katikati, uangalie ukingo wa tundu. Kama nafasi ya chini ya paa inafikika, panda huko uchungulie moja kwa moja.

Ukaguzi kabla ya kununua chochote

Panda ngazi, weka kiganja kwenye dari, sukuma. Ikicheza, vishikizo vya hapo vimekwisha kukatika. Gonga kwa kifundo cha kidole: plasta nzima inatoa sauti nzito, iliyoachia inatoa sauti ya debe. Tia alama ya penseli kila palipoachia. Nyufa nyembamba kama unywele hazina neno. Ufa ambao upande mmoja umeshuka kuliko mwingine una neno, na doa la maji lina neno zaidi, kwa sababu lazima kwanza ujue maji yalitoka wapi.

Kama robo ya dari au zaidi inacheza, usitoboe. Hapo ni nafuu kupitisha nyaya kwanza kisha kuifunika dari yote kwa bodi mpya za jipsamu zilizokazwa hadi kwenye boriti. Wengi hawapendi kusikia hivyo kwa sababu walitaka taa tu. Lakini kutoboa matundu sita katika dari inayokufa ni kulipa mara mbili.

Jambo la pili ni sumu. Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za Marekani mwaka 1978, kwa hiyo katika nyumba ya 1920 ichukulie kuwa ipo mpaka maabara iseme haipo. Tangu Aprili 2010, mkandarasi anayevuruga zaidi ya futi 6 za mraba za rangi ndani ya chumba kimoja cha nyumba ya kabla ya 1978 anatakiwa awe na cheti cha EPA, shirika la serikali kuu linalosimamia mazingira. Matundu sita ya inchi 6 hayafiki hata futi 2 za mraba, lakini fundi akipasua mifereji ya kupitishia waya anaweza kuuvuka mpaka huo upesi, na majimbo mengine yana masharti makali zaidi. Mwenye nyumba anayefanya kazi kwake hafungwi na kanuni hiyo. Vumbi halijui kanuni: kama una mtoto mdogo anayetambaa, mpeleke kwa jamaa mpaka usafi uishe.

Dari zenye vinundu vya kunyunyiziwa kama uji uliokauka zinaweza kuwa na asbesto. Peleka kipande maabara kabla ya kuzigusa. Na ukipanda juu ukakuta insulesheni (nyenzo ya kuzuia joto lisitoke) ya punje nyepesi za rangi ya kijivu au dhahabu zinazometameta, hiyo ni vamikulaiti, ambayo nyingi ilichimbwa Libby, Montana, mahali palipochanganyika na asbesto. Teremka, funga mlango, tafuta wataalamu. Hiyo si kazi ya kujifunzia.

Jambo la tatu ni nyaya zilizopo. Nyumba za kabla ya miaka ya 1940 mara nyingi zina nyaya mbili zinazokwenda mbalimbali, zimeshikwa na vigingi vya kauri na kupita kwenye boriti ndani ya mirija ya kauri. Hazina waya wa ethi, na hazitakiwi kufunikwa na insulesheni kwa sababu zilitegemea hewa kupoa. Usiunge taa mpya huko. Vuta waya mpya kutoka kwenye paneli, au kutoka kwenye saketi ya kisasa yenye ethi. Hata pale ambapo waya ni wa miaka ya 1950 au 1960, ule unaoingia kwenye boksi la taa ya zamani umechomwa kwa miongo kadhaa na joto la balbu. Ukiukunja ganda linapukutika. Taa nyingi za kuzama zina lebo inayotaka nyaya za kustahimili nyuzi 90 za Selsiasi, na kebo za nyumba za kabla ya katikati ya miaka ya 1980 nyingi zilikuwa za nyuzi 60. Soma lebo, mkaguzi wa mji ataisoma.

La mwisho: juu ya dari hii kuna nini? Swali hili linabeba nusu ya bei. Juu kukiwa na nafasi ya chini ya paa unayoweza kutambaa, kazi ni ya siku moja. Juu kukiwa na chumba cha kulala chenye sakafu ya mbao nzuri, hesabu inabadilika. Juu kukiwa na mpangaji, yaani nyumba ya familia mbili au tatu zilizopandiana, dari hiyo huenda inahesabiwa kuwa kizuizi cha moto kati ya nyumba na nyumba, na kila tundu linakidhoofisha kizuizi hicho. Hapo uliza idara ya majengo ya mji kwanza, na ujitayarishe kununua taa zilizopimwa kwa kustahimili moto.

Taa ngapi, na zikae wapi

Watu hukosea kwa kuweka nyingi. Sebule ya futi 12 kwa 16 ina futi za mraba 192. Ukiipa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 20 kwa kila futi ya mraba, ambazo ni nyingi za kutosha kwa sebule, unahitaji lumeni 3,840. Taa ya inchi 4 yenye lumeni 650 itakupeleka kwenye taa sita. Jikoni panataka mara mbili ya hapo, hasa juu ya meza ya kukatia. Chumba cha kulala nusu yake.

Kuzipanga, gawanya urefu wa chumba kwa idadi ya taa za mstari mmoja, kisha ile ya mwisho ikae nusu ya jibu kutoka ukutani. Futi 16 kwa taa tatu ni futi 5 na inchi 4 kati ya taa na taa, futi 2 na inchi 8 kutoka ukutani. Upande wa futi 12, mistari miwili: futi 6 katikati, futi 3 kila upande. Kisha usogeze kila alama ili isiangukie kwenye boriti.

Boriti nyingi zinalalia upande mfupi wa chumba na kuachana inchi 16 kutoka katikati hadi katikati. Vifaa vya elektroniki vya kutafutia mbao hudanganywa na papi na unene wa plasta. Chukua sumaku ndogo yenye nguvu, itembeze taratibu darini. Itanasa kwenye vichwa vya misumari iliyoshika papi, na misumari hiyo imejipanga mstari mmoja chini ya kila boriti. Ukipata mistari miwili umeipata ramani ya dari nzima, ingawa maseremala wa 1910 hawakuwa watumwa wa tepu.

Kununua

Kwa plasta nachagua taa bapa zisizo na kopo kubwa la chuma, ambazo boksi la kuungia nyaya ni dogo na limejitenga. Zinahitaji nafasi ya kama inchi 2 tu juu ya dari, na zinaweza hata kukaa chini ya bomba. Kwenye pakiti tazama unene wa dari ambao vibanio vyake vinaweza kushika. Plasta yako na papi ni karibu inchi moja, na taa za bei ya chini kabisa nyingine zimetengenezwa kwa bodi ya nusu inchi. Tafuta herufi IC, maana yake taa inaruhusiwa kugusana na insulesheni. Isiyo na herufi hizo inatakiwa ikae angalau inchi 3 mbali na insulesheni, na katika nyumba kongwe hutaweza kuhakikisha hilo. Ghorofa ya juu nunua zilizothibitishwa pia kutopitisha hewa, la sivyo joto uliloligharimia Januari litapanda paani kupitia matundu yako.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini (K), namba ndogo ni mwanga wa manjano, kubwa ni mweupe: chagua 2700K, au 3000K jikoni. Taa nyingi za sasa zina kiswichi kidogo cha kuchagua hadi 5000K. Mwanga wa 5000K katika nyumba yenye milango ya mwaloni na sakafu ya kahawia unaifanya ionekane kama zahanati, lakini sebule ni yako.

Dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga, iwe ya LED. Dima ya zamani iliyotengenezwa kwa balbu za waya itazifanya taa zipepese au zivume.

Kupiga bei

Chukua sebule ile ile ya taa sita, na tuchukulie fundi mwenye leseni anatoza dola 100 kwa saa. Katika miji mingi utakuta wa kati ya dola 75 na 150.

Vifaa, yaani taa sita, kebo, dima, maboksi, na breka ya kuzuia cheche kama saketi ni mpya: dola 300. Kibali cha idara ya majengo tukiweke dola 100. Kama nafasi ya chini ya paa iko juu na inafikika, kazi ni kama saa 8, dola 800. Jumla 1,200, yaani dola 200 kwa taa. Sasa ihamishie sebule hiyo ghorofa ya chini, juu yake chumba cha kulala. Saa zinakuwa 16, dola 1,600, na unaongeza 400 za fundi wa plasta kwa sababu lazima patobolewe mahali pa kupitishia waya. Jumla 2,400, au 400 kwa taa. Taa ni zilezile. Unaona basi kwamba yule aliyeandika 300 bila kupanda juu kuangalia alikuwa anabahatisha katikati, na akikuta mambo magumu atakurudia kudai nyongeza.

Kwa hiyo bei nzuri ni ile iliyoandikwa baada ya ukaguzi, na karatasi yake inajibu maswali haya: nani anaziba matundu ya plasta na kupaka rangi? Mafundi umeme wengi hawazibi, na wakiandika "kazi ya umeme tu" jua una gharama nyingine mbele. Kikitokea waya wa kale wa vigingi vya kauri, kazi inasimama kwa bei gani? Kibali kinachukuliwa na nani, kwa jina la nani? Vumbi linazuiwa vipi? Bei kwa taa inakupendelea wewe, bei kwa saa inampendelea fundi. Kwa dari za plasta wengi wanakataa ya kwanza, na siwalaumu. Unaweza kupendekeza ya katikati: bei kamili, yenye kiwango cha juu kabisa cha nyongeza kilichoandikwa.

Na kuna lile la ndugu yetu wa kanisani au msikitini anayejua umeme na atafanya kwa 60 kila taa. Huenda anajua kweli. Wapo waliofanya kazi ya umeme miaka mingi Bujumbura au Mombasa. Lakini bila leseni hawezi kuchukua kibali kwa kazi ya kulipwa, na moto ukitokea kampuni ya bima ina sababu ya kuanza kuuliza maswali. Rangi za nyaya nazo ni mtego. Katika mfumo wa zamani wa Kiingereza ambao baadhi yetu tulirithi, waya mweusi ni nyutro na mwekundu ndio wa moto. Marekani mweusi ndio wa moto, nyutro ni mweupe. Mtu mwenye mikono iliyozoea upande mmoja anaweza kuushika usiostahili kushikwa. Kama unamwamini, mwombe afanye kazi chini ya fundi mwenye leseni. Ndivyo wengi walivyoanza kupata saa zao za mafunzo hapa.

Ukifanya mwenyewe, sehemu nyingi zinamruhusu mwenye nyumba anayeishi humo kuchukua kibali na kufanya kazi yake, nyingine hazimruhusu. Piga simu idara ya majengo ya mji wako. Tarajia dola 450 hivi pamoja na zana.

Kazi yenyewe

Ondoa kila kinachoweza kuondoka chumbani. Funika sakafu, ziba milango kwa nailoni na utepe, zima feni ya kupasha joto isije ikasambaza vumbi nyumba nzima. Vaa miwani na barakoa ya N95 au ya juu zaidi. Vakyumu iwe na kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini. Ya kawaida inalimwaga vumbi laini upande wa pili.

Zima breka. Kisha usiiamini. Testa ya kalamu inayonusa umeme bila kugusa inaweza kudanganya, basi tumia mita yenye ncha mbili: ijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, pima nyaya zako, kisha rudi uijaribu tena palepale. Katika nyumba nyingi kongwe umeme ulifika kwanza kwenye taa ya darini, ndipo nyaya mbili zikateremka hadi kwenye swichi. Hapo waya mweupe kwenye swichi si nyutro hata kidogo. Unaweza kuwa wa moto. Hilo pia ndilo linalofanya swichi nyingi za kisasa zinazotumia simu zishindwe kufungwa, maana zinahitaji nyutro ambayo haipo.

Kabla ya tundu kubwa, toboa tundu la robo inchi katikati ya kila alama. Chukua waya mgumu, mfano wa hanga ya nguo, ukunje pembe mraba kwa urefu wa nusu ya kipenyo cha taa na inchi moja zaidi, ingiza, zungusha. Ukigonga kitu, sogeza alama. Tundu dogo linazibwa kwa dakika moja. Kosa la inchi 6 linahitaji fundi.

Palipo na plasta inayocheza karibu na alama, ikaze kwanza: skrubu zenye washa pana za plasta, zikazwe hadi kwenye papi au boriti kuzunguka duara, nje kidogo ya mahali ambapo ukingo wa taa utafunika. Usikaze mpaka izame kwa nguvu. Washa ikilala sawa na dari inatosha.

Sasa msumeno wa tundu. Ule wa meno ya mbao wa bei nafuu utakufa katika tundu la kwanza, maana plasta ni mchanga. Nunua wenye ukingo wa chembe za kabaidi, na bakuli la kukinga vumbi linalovaliwa kwenye drili. Anza kwa mwendo mdogo, drili ikizunguka kinyumenyume, mpaka mchoro wa duara ushike kwenye plasta bila kurukaruka. Geuza mwendo wa kawaida na ukate plasta tu, bila kusukuma. Ziache chembe za kabaidi zifanye kazi. Ukiona vumbi jeupe linageuka kahawia umefika kwenye papi. Simama. Hapa ndipo dari nyingi huharibika. Chembe za kabaidi hazikati mbao vizuri, zinaisugua na kuitikisa, na papi inaanza kupiga kama kamba ya gitaa. Badilisha: ama msumeno wa tundu wa meno ya mbao wa kipenyo kilekile, ama mashine ndogo yenye msumeno mwembamba unaotikisika upesi, na ukate papi moja moja, kila moja kwa upande mmoja nusu, kisha upande wa pili, ndipo urudi kumalizia. Msumeno mkubwa wa kwenda mbele na nyuma usiukaribishe katika chumba hiki.

Waya ndio unaofuata. Ndani ya uwazi mmoja, kati ya boriti na boriti, ni rahisi: fimbo ya faiba inasafiri kutoka tundu hadi tundu. Katika sebule yetu, kila taa mbili zinazotazamana ziko kwenye uwazi mmoja. Ugumu ni kuvuka boriti: kutoka jozi moja hadi nyingine ni inchi 64, yaani boriti nne. Kama juu kuna nafasi, toboa kutoka juu, umemaliza. Kama hakuna, una njia tatu. Keekee ndefu inayopinda, ya inchi 54 au zaidi, inaweza kuingia kupitia tundu la taa na kutoboa boriti; na hapa tundu la inchi 6 linakupa nafasi ya mkono na drili fupi ya pembe, ambayo tundu la inchi 4 halikupi. Njia ya pili ni kupasua mfereji mwembamba kwenye dari kando ya ukuta, ambao baadaye utafunikwa na pambo la mbao la pembeni. Ya tatu ndiyo ninayoipenda: panda chumba cha juu na ung'oe ubao mmoja wa sakafu. Mbao za sakafu za zamani kwa kawaida zimelala kukatiza boriti, kwa hiyo ubao mmoja ulioinuliwa unafungua njia juu ya boriti zote kwa mara moja. Ukiurudisha kwa skrubu ndogo, chini ya zulia hakuna atakayejua.

Tundu la waya kwenye boriti likae angalau inchi 2 kutoka ukingo wa juu na wa chini, na lisizidi theluthi moja ya kimo cha boriti. Usichonge nafasi kwenye ukingo wa chini ili kurahisisha mambo. Boriti ya miaka mia imebeba vya kutosha. Kebo iliyovutwa ndani ya dari iliyofungwa hailazimiki kushikiliwa kwa stepo njiani. Ukutani, kama nyumba yako nguzo zake zinapanda moja kwa moja kutoka msingi hadi paani, ziba kila tundu ulilopitishia waya kwa povu au mastiki ya kuzuia moto, kwa sababu kuta hizo ni mabomba ya moshi yaliyo tayari.

Kebo namba 14 kwa breka ya ampea 15, namba 12 kwa breka ya 20. Mzigo wenyewe ni mdogo: taa sita za wati 12 ni wati 72, haufiki hata ampea moja. Kwenye kila boksi ingiza kebo inayokuja na inayokwenda kwa taa inayofuata, ikaze kwenye kibanio chake ganda likiingia robo inchi ndani, kisha mweusi kwa mweusi, mweupe kwa mweupe, ethi kwa ethi. Vuta kila waya peke yake uone kama umeshika. Funga kifuniko, sukuma boksi juu ya papi, unganisha kiwaya cha taa, inua vibanio viwili, ingiza taa. Angalia vidole, springi zile zinauma. Plasta ikiwa laini ukingoni, springi itaitafuna, basi gundisha kwanza ukingo kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji na uiache ikauke.

Dari kongwe haijanyooka, hivyo taa bapa itaacha upenyo upande mmoja. Mstari mwembamba wa koki (uji wa kuzibia nyufa) inayopakika rangi unaficha hilo. Uipake baada ya mkaguzi kuondoka, kwa sababu ataomba ushushe taa moja au mbili aone viungo. Katika miji mingine anataka kuona kebo kabla hujarudisha ubao wa sakafu, kwa hiyo ulizia hilo siku unayochukua kibali.

Washa breka, zungusha dima hadi chini kabisa. Zikipepesa, nyingi za dima za LED zina kigurudumu au kiswichi kidogo pembeni cha kuinua kiwango cha chini. Kisogeze mpaka zitulie. Matundu madogo ya majaribio na nyufa zilizofunguka ziba kwa mota ya kukauka haraka yenye asili ya jipsamu, siyo ile ya ndoo iliyokwisha kuchanganywa, ambayo husinyaa. Ufa mrefu uwekee utepe wa wavu chini ya mota. Kisha subiri wiki chache kabla ya kupaka rangi dari yote: nyufa ndogo ambazo mtikisiko ulizianzisha huwa zinajitokeza katika kipindi hicho, joto la nyumba likiwashwa na kuzimwa, na ni bora ujue zote kabla ya kununua kopo la rangi.